NG'OMBE AKIPOROMOKA KORONGONI
Jinsi ya kuokoa nyama wakati wa joto, na jinsi ya kuokoa watu

Ndugu msomaji, tuseme ni Alhamisi ya Kwaresima, saa 9 alasiri. Jua la Februari linawaka. Mtoto uliyemtuma kukata majani anarudi mbio, anahema, hana mundu wala mzigo. "Baba, ng'ombe ameanguka korongoni!"

Wewe ukaaye Chome, au mahali po pote katika milima yetu ya Upare, huna haja ya kuelezwa zaidi. Njia zetu ni nyembamba, mashamba yetu yameegemea ubavu wa mlima, na ng'ombe akiteleza hana pa kushika. Unashuka mbio pamoja na jirani wawili watatu. Unamkuta amelala chini ya mwamba, mguu wa nyuma umevunjika, anakutazama. Ng'ombe huyu ulikusudia kumwuza mwezi wa Julai ili ulipe ada ya shule. Sasa hatapanda tena mlima kwa miguu yake.

Ng'ombe wetu wa kawaida mwenye kilo 250 hutoa nyama na mifupa kama kilo 120. Huo si mzigo mdogo wa mali. Lakini jua bado li juu, nyumbani ni mbali, barafu hakuna, na kesho ni Ijumaa, siku ambayo Mkatoliki hali nyama. Ukifanya kazi vizuri, ada ya mtoto yaweza kupatikana hata sasa. Ukifanya vibaya, Jumamosi utafukia nyama iliyooza, au, neno lililo baya zaidi, utawalisha watu ugonjwa.

Basi leo tuzungumze juu ya saa hizo chache.

SWALI LA KWANZA SI LA KISU

Swali la kwanza ni hili: mnyama yu hai, na je, twajua lililompata? Kama asubuhi alikuwa akila vizuri, na mtoto kamwona kwa macho yake akiteleza, basi kisa chajulikana. Mpelekee Bwana Mifugo habari upesi, kwa simu au kwa kijana mwenye miguu myepesi. Yeye ndiye mwenye kazi ya kumtazama mnyama, kisha kuikagua nyama: ini, mapafu, moyo, tezi na minofu. Yeye huona mambo ambayo sisi hatuyaoni: punje nyeupe za tegu ndani ya mnofu, vivimbe vya kifua kikuu mapafuni, minyoo bapa katika ini. Usiuze hata fungu moja kabla hajaipitisha. Ndivyo sheria itakavyo, nayo ni sheria ya kumlinda mlaji.

Lakini ukimkuta ng'ombe amekwisha kufa, wala hujui amekufa kwa nini, rudisha kisu chako alani. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Mmoja atasema, "Nyama ni nyama, ikichemka sana haina neno." Mwingine atasema, "Wazee walikula, wala hawakufa." Maneno hayo ni matamu kwa mtu mwenye hasara, lakini yamewapeleka watu kaburini.

Ugonjwa wa kimeta wajulikana katika mkoa wetu wa Kilimanjaro, na kwa jirani zetu wa Arusha pia. Mnyama huweza kulala mzima na asubuhi ukamkuta amekufa. Dalili zake ni hizi: tumbo huvimba upesi, mwili haukakamai kama ipasavyo, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa. Ukiona hata moja ya dalili hizo, usipasue, usichune, usiburute. Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujigeuza kuwa kama mbegu yenye ganda gumu. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa kidogo jikoni, nazo hukaa udongoni makumi ya miaka zikingoja ng'ombe mwingine aje kulisha mahali pale.

Kimeta hakichagui ng'ombe na mbuzi tu. Mwaka 2004 na 2005 kiliua viboko zaidi ya 200 katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, nchini Uganda. Kama mnyama mkubwa namna ile huanguka, binadamu ataponaje kwa kutia chumvi nyingi?

Kadhalika, katika miaka ya mvua nyingi na mbu wengi, tujihadhari na Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2007 homa hiyo iliua watu zaidi ya 100 katika Tanzania. Huenezwa na mbu, lakini pia mtu huipata kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa, yaani katika kazi hii hii ya kuchinja na kuchuna.

Mzoga usiojulikana sababu yake huchomwa kabisa, au hufukiwa shimo la mita 2 kwenda chini pamoja na chokaa, mbali na chemchemi, kwa maelekezo ya Bwana Mifugo. Kama mtu amekwisha kuushika, kisha akaota kipele kisichouma sana ambacho katikati kinageuka kuwa cheusi, aende zahanati siku ile ile, naye aseme wazi alishika nini. Kimeta kikiwahiwa hutibika. Aibu ya kusema ndiyo iuayo.

Najua ni uchungu. Lakini ng'ombe aliyekufa ni hasara moja. Ng'ombe na mtoto ni hasara mbili, nayo hiyo ya pili hailipiki.

KWA NINI NYAMA HUOZA

Turudi kwa ng'ombe wetu aliye hai. Kabla ya kuchinja, yafaa tujue adui ni nani.

Mwili wa ng'ombe una joto la nyuzi 38 au 39. Akifa, joto hilo halitoki mara moja. Ngozi yake ni blanketi nzito, na tumbo lake ni kama chungu kikubwa chenye majani yanayochachuka, nalo huendelea kutoa joto baada ya moyo kusimama. Ndani ya matumbo na juu ya ngozi mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Wakati mnyama yu hai, mwili wake huvizuia. Akifa, mlinzi ameondoka na mlango u wazi.

Kijidudu kimoja, kikipata joto na unyevu, chaweza kugawanyika na kuwa viwili kwa muda wa dakika 20. Hesabu hiyo ni ndogo kuitaja, lakini ifuatishe: baada ya saa 6 hicho kimoja kimekuwa zaidi ya 250,000. Ndiyo maana nyama iliyoachwa na ngozi yake tangu alasiri hadi usiku huanza kunuka kutoka ndani, karibu na mfupa wa paja, hali kwa nje bado yaonekana njema.

Basi kazi yote ni mambo matatu: toa joto, zuia uchafu, ondoa unyevu. Yashike hayo matatu, na mengine yote utayakumbuka mwenyewe.

KAZI YA KORONGONI

Kwanza, utulivu. Wafukuze mbwa, na watoto wanaopiga kelele warudi nyumbani. Mnyama aliyehangaishwa sana kabla ya kufa, nyama yake huwa nyeusi, hunata, na huharibika upesi. Asipigwe wala asiburutwe. Aliyevunjika mguu asiachwe kuteseka mpaka kesho eti kwa sababu wateja hawajafika. Na kama jirani Waislamu watashiriki nyama, mwite mmoja wao achinje kwa utaratibu wao. Ujirani mwema huanza na mambo kama hayo.

Pili, damu. Kichwa kielekee chini ya mteremko ili damu itoke yote. Nyama yenye damu nyingi haikai.

Tatu, andaa visu viwili na kinoo. Kisu kimoja ni cha ngozi, kingine ni cha nyama, navyo visibadilishane kazi. Yule anayeshika ngozi asishike mnofu kabla ya kunawa kwa sabuni. Mwenye kidonda mkononi asifanye kazi hii. Akachote maji na kukata miti. Tandika majani ya mgomba, mengi na mabichi, kwa maana hayo ndiyo meza yetu.

Sasa mgeuze mnyama kichwa kielekee juu ya mlima, mlaze chali, umkingame kwa mawe pande zote mbili. Pasua ngozi kwa mstari mmoja toka kooni hadi katikati ya miguu ya nyuma. Chuna upande huu, kisha upande ule, na ngozi uitandaze chini, manyoya yakielekea udongo. Hivyo mnyama atakuwa amelala juu ya ngozi yake mwenyewe, upande wa ndani ulio safi. Watu wa nchi za baridi huweza kuiacha ngozi kwa muda. Sisi tusiwafuate: jua letu halisubiri.

Kabla ya kufungua tumbo, funga umio kwa kamba. Kata pia kuzunguka njia ya haja kubwa na kuifunga kwa kamba. Vifundo hivyo viwili huchukua dakika chache, navyo huokoa nyama nyingi kuliko chumvi yote ya dukani. Ukipasua tumbo, ingiza vidole viwili chini ya ukuta wa tumbo, makali ya kisu yaangalie juu kati ya vidole, ukate polepole bila kugusa matumbo. Tahadhari na kibofu cha mkojo na mfuko wa nyongo.

Pasua kidari kwa shoka au msumeno, kata ule ukuta mwembamba uliotenga kifua na tumbo, kisha uvute vyote kwa pamoja. Kwa kuwa kichwa ki juu, vitateremka vyenyewe. Moyo, ini, mapafu na figo viwekwe pembeni juu ya majani safi, visitupwe wala kugawiwa kabla ya Bwana Mifugo kuviona. Hivyo ndivyo vitabu anavyosoma habari za mnyama.

Je, uchafu wa tumbo umemwagika juu ya nyama? Usiukimbilie kwa ndoo ya maji ya kijito. Maji hueneza uchafu mpaka mahali palipokuwa safi, tena huacha unyevu. Kata sehemu ile kwa kisu na kuitupa. Afadhali kupoteza nusu kilo kuliko paja zima.

Mwisho, tanua mbavu kwa kijiti ili upepo uingie ndani. Ukiweza kumaliza yote hayo kwa muda wa saa moja baada ya kuchinja, umeshinda nusu ya vita.

KUPANDISHA MLIMANI

Gawanya mnyama vipande vinne: miguu miwili ya mbele na mbavu zake, miwili ya nyuma na mapaja yake. Vitundike kwanza kivulini, juu ya mti imara, visigusane, hata kama ni kwa nusu saa tu. Paja ni nene, nalo huficha joto karibu na mfupa. Lichanje kwa urefu mpaka mfupani ili joto litoke.

Hapa tena huja kosa kubwa. Watu huchukua nyama yenye joto, huitia katika viroba, hufunga midomo ya viroba, huvipanga kimoja juu ya kingine nyuma ya pikipiki, kisha hushangaa inanuka. Kiroba cha nailoni ni blanketi la pili baada ya lile la ngozi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019 kwa ajili ya mazingira. Nyama nayo ingekuwa na kinywa ingetoa shukrani. Beba kila kipande kikining'inia juu ya mti begani kwa watu wawili, umekifunika kwa shuka jepesi safi au majani ya mgomba ili nzi wasitue. Chandarua chenye dawa ya mbu kisitumike kamwe kufunika chakula.

Kazi hii haiwezekani kwa mtu mmoja. Ndiyo maana jirani huitwa kama tuitikiavyo msaragambo. Leo ni ng'ombe wa huyu, kesho ni wako.

Yaliyobaki korongoni, yaani samadi ya tumboni na vipande vilivyotupwa, yafukiwe mbali na maji. Tukumbuke kwamba maji ya msitu wa Shengena, ambao leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, hunywewa nasi na pia na watu wa tambarare walio chini yetu. Na mbwa wasipewe mapafu wala maini yenye malengelenge ya maji: minyoo iliyo ndani yake hukua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake hurudi kwa watoto wanaocheza naye.

USIKU WA KWANZA: MLIMA HUPOZA

Sasa sisi wa mlimani twashukuru kwa mahali Mungu alipotuweka. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kilele cha Shengena kina mita 2,462, na pepo zishukazo toka huko usiku ni baridi. Mtu wa Same mjini hana neema hiyo bila umeme.

Basi tundika nyama usiku mahali penye upepo na paa: barazani au bandani palipofagiwa, si chumbani penye watu na moto wa kupikia. Vipande visigusane wala visiguse ukuta. Asubuhi utaona nje ya nyama pamefanya ngozi nyembamba kavu, yenye kung'aa. Usiioshe, usiifute kwa maji. Ngozi hiyo ni mlango uliofungwa: nzi hapendi kutaga hapo, na vijidudu havipati unyevu. Moto mdogo wa moshi chini ya nyama huwafukuza nzi, lakini uwe wa moshi tu. Usiwe wa kuipasha nyama joto. Jua likichomoza, rudisha nyama kivulini, maana baridi ya usiku hukaa ndani ya kipande kikubwa kwa saa nyingi kikifunikwa shuka.

Mwenye friji nyumbani asisongamanishe ndani yake nyama yote ikiwa na moto. Friji ndogo haina nguvu ya kupoza mzigo ule, na katikati ya lundo nyama itaoza ikiwa ndani ya friji. Tia vipande vidogo, kidogo kidogo, baada ya nyama kupoa kwa upepo wa usiku.

Na mafungu? Alhamisi hiyo hiyo usiku, Bwana Mifugo akiisha kukagua, jirani wachukue mafungu yao. Asiye na fedha aandikwe katika daftari alipe mwisho wa mwezi. Jirani zetu Wasabato, ambao ni wengi katika milima yetu, hawafanyi biashara tangu Ijumaa jua linapozama, wapewe mapema. Nyama iliyo katika vyungu 20 vya majirani haiozi, na deni lililo katika daftari la watu waaminifu ni salama kuliko nyama iliyo barazani.

IJUMAA: SIKU YA CHUMVI NA MOSHI

Huenda mtu akasema: "Nyama itaharibika, basi tule tu Ijumaa hii ya Kwaresima, Mungu ataelewa." Ndugu, Paroko anayo mamlaka ya kutoa ruhusa panapo sababu ya haki, mwulize, naye atakujibu. Lakini mara nyingi sababu si haki, ila ni uvivu. Nyama iliyotunzwa vema haihitaji ruhusa ya mtu. Ijumaa itakuwa siku yetu ya kazi, na makande ya mahindi na maharage yatatutosha.

Mambo ya ndani ya mnyama ndiyo yaharibikayo kwanza. Maini, moyo na matumbo yaliyosafishwa yapikwe au yagawiwe Alhamisi usiku. Mifupa yenye nyama ichemshwe kwa supu ya Jumamosi. Minofu isiyo na mafuta ndiyo ya kukausha.

Kata mnofu kwa kufuata nyuzi zake, vipande virefu kama mkanda, unene wa kidole kimoja. Toa mafuta yote, kwa sababu mafuta hayakauki, huchacha. Kwa kila kilo ya nyama tia vijiko vikubwa 2 au 3 vya chumvi, uipake pande zote, uiache saa chache katika chombo safi kilichofunikwa. Kisha itundike kwa uzi au waya safi, kila kipande peke yake, mahali penye upepo.

Na hapa ndipo sisi wa mlimani tunapolazimika kunyenyekea mbele ya ndugu zetu wa tambarare. Mlima hupoza, lakini tambarare hukausha. Ukungu wa Shengena ukishuka, nyama iliyoanza kukauka hulowana tena na kuota ukungu wa kijani. Kule Makanya na Same upepo mkavu na jua hukausha mikanda ya nyama kwa siku chache. Basi mwenye ndugu tambarare, na gari ipo asubuhi mapema, aweza kumpelekea sehemu. Asiye naye atumie moshi.

Jenga uchaga juu ya meko, mita 1 au zaidi juu ya moto. Tumia kuni kavu za mti mgumu. Usitumie msindano wenye utomvu, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa. Moto uwe mdogo wa siku mbili tatu, usiwe mkubwa wa saa moja. Moto mkubwa hupika nje na kuacha ndani mbichi, na ndani ndimo uozo unamojificha. Nyama imekauka sawasawa kama ukivunja kipande waona rangi moja ya giza toka nje hadi ndani, bila wekundu wenye maji. Kilo 3 au 4 za nyama mbichi hutoa kilo 1 ya nyama kavu. Ihifadhi katika kapu au gunia safi, itundikwe pakavu, ukaguliwe kila juma. Siku ya kupika, iloweke, kisha uichemshe pamoja na makande; hutajuta.

Iko njia nyingine. Katika Kenya kaskazini watu hukata nyama vipande vidogo, hukausha kidogo, huikaanga vizuri, kisha huifunika ndani ya mafuta yake katika chombo kilichofungwa. Huiita nyirinyiri. Mafuta yakifunika kila kipande, hewa haiingii. Wafugaji hao huishi katika joto kali kuliko letu, nao huihifadhi muda mrefu bila umeme.

Mama wa nyumba, wewe ndiwe mlinzi wa mwisho. Nyama iliyopikwa usiku ichemshwe tena asubuhi mpaka itokote, na jioni tena. Yenye harufu mbaya, yenye utelezi au rangi ya kijani, itupwe. Usiifunike kwa limau, tangawizi na pilipili. Moto huua vijidudu vingi, lakini sumu ambayo baadhi yao wamekwisha kuiacha haiondolewi na moto. Mume akikuuliza kwa nini umetupa nyama, mwonyeshe watoto.

NYAMA YA PORINI

Haya yote hatukuyapata darasani. Wawindaji wa zamani walimwangusha nyati wa kilo 600 mbali na nyumbani, jua la tambarare likiwachoma, nao walichuna upesi, walikata mikanda, walijenga uchaga porini, wakarudi na mizigo myepesi ya nyama kavu. Elimu yao yafaa ihifadhiwe.

Lakini elimu ya kutunza nyama si ruhusa ya kuipata kwa njia ya wizi. Mkomazi, iliyo chini ya milima yetu, ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, na leo ni Hifadhi ya Taifa. Ndani yake hapawindwi. Nje ya hifadhi pia, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 yadai leseni. Anayekuletea usiku nyama ya pofu au swala ndani ya mfuko, hakuonyeshi leseni, wala hakuna Bwana Mifugo aliyeitazama. Hujui mnyama alikufa lini, wala kwa nini. Huenda alikuwa na kimeta. Huenda alilala ndani ya kitanzi siku mbili juani. Mwenye hamu ya nyamapori akanunue kwa wenye kibali: mwaka 2020 Serikali ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori, ili nyama hiyo iuzwe hadharani, imekaguliwa.

JUMAMOSI

Ndugu msomaji, tumalize tulipoanzia. Jumamosi asubuhi katika nyumba ile ng'ombe hayupo, na zizi liko kimya. Lakini daftari lina majina ya jirani 20. Juu ya meko mikanda ya nyama imekuwa myeusi, inanukia moshi. Supu iko motoni, na mzee mgonjwa wa nyumba ya pili amekwisha kupelekewa bakuli lake. Ngozi imetiwa chumvi, imekunjwa, yangoja mnunuzi. Ada haitatimia yote, lakini sehemu kubwa ipo, na mtoto atarudi shuleni.

Hasara imeingia, lakini haikupewa kiti. Mwakani, kabla ya kiangazi, baba wa nyumba hiyo achukue jembe aitengeneze njia ya korongoni, aweke na uzio wa miti mahali ng'ombe alipoteleza. Nawe fanya hivyo sasa, kabla mtoto hajarudi mbio bila mundu.